Msimamizi asema ni jeni zetu: je, kemikali za kazini zaweza kumfikia mtoto aliye tumboni?

Mpakarangi wa Miritini

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimefanya kazi ya kupaka rangi makontena kwa miaka kumi na mmoja sasa, katika yadi moja ya upande wa Miritini, hapa Mombasa, ambayo sitaitaja jina. Kazi yenyewe ni kukwangua rangi kuukuu na kutu kwa brashi ya waya au kwa mashine ya msasa, kupiga praima, kisha kupuliza rangi kwa kompresa. Rangi huja nzito na sisi huipunguza kwa thina, na thina hiyo hiyo ndiyo tunayonawia mikono saa saba kabla ya chakula, kwa kuwa sabuni haitoi rangi iliyoingia kwenye kucha. Mkono ukikauka huwa mweupe kama uliochovywa katika unga wa muhogo. Ndani ya kontena la futi arobaini, jua likiwa limekaa juu ya bati, milango huwa wazi lakini upepo hauingii, na harufu ile hunifuata mpaka nishuke matatu jioni.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alianza kuchoka bila sababu na kutokwa na vidonda mdomoni visivyopona. Alipopimwa damu, aliambiwa kwamba chembechembe zake nyeupe zimepungua sana. Alikwenda ofisini kuomba msaada wa gharama, na msimamizi akamjibu mbele yetu sote kwamba maradhi ya damu ni mambo ya jeni, kwamba mtu huzaliwa nayo kutoka kwa wazee wake, na kwamba yadi haiwezi kulipia ukoo wa mtu. Tulinyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua la kujibu.

Hivi majuzi nilimsikia daktari mmoja redioni akieleza jambo liitwalo epijenetiki. Nilivyoelewa mimi, kemikali zaweza kubadilisha namna jeni zinavyofanya kazi, na huenda mabadiliko hayo yakapita kwa watoto. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, nayo ni ya kwanza. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Naomba wenye elimu wanieleze: msimamizi alisema kweli aliposema jeni? Mtoto wetu amekwisha kudhurika kupitia kwangu? Na je, kuna kipimo ninachoweza kufanyiwa nikajua?

Mwalimu wa Baiolojia, Tudor

Wa alaykum salaam, kaka. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa maswali yako matatu yana majibu yasiyofanana.

Kama ulisoma chuo cha Kurani ukiwa mtoto, unakumbuka jinsi herufi moja inavyosomwa kwa njia mbalimbali kulingana na irabu iliyowekwa juu au chini yake, na jinsi sukuni inavyoinyamazisha. Herufi haikufutwa wala haikubadilishwa. Kilichobadilika ni alama, na kwa alama hiyo msomaji hutamka jingine. DNA, ambayo ndiyo iliyobeba jeni zetu, nayo ni maandishi ya herufi nne. Maandishi hayo ni yale yale katika seli ya ini, ya ngozi na ya uboho wa mfupa, lakini kila seli husoma sehemu zake tu na kuzinyamazisha nyingine. Miongoni mwa alama zinazoamua kipi kisomwe ni kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, kinachobandikwa kwenye herufi ya saitosini. Kinapobandikwa mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Alama nyingine hukaa kwenye histoni, zile protini ambazo uzi wa DNA huzizungukia kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki, neno lililoanzishwa na Conrad Waddington mwaka 1942, kabla hata umbo la DNA halijajulikana.

Sasa kuhusu msimamizi wenu. Alichanganya mambo mawili. Kuna maradhi yanayotokana na herufi zenyewe, nayo hurithiwa katika ukoo. Lakini alama hazirithiwi kwa namna hiyo ya moja kwa moja. Nyingi huwekwa na kuondolewa maishani, na kinachoziweka ni pamoja na chakula, moshi, na kemikali tunazozivuta. Mfano ulio karibu nawe ni wa Milan, Italia. Watafiti waliwachunguza wahudumu wa vituo vya petroli na askari wa trafiki, wakawalinganisha na watu wa ofisini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliovuta benzini nyingi zaidi (hii ni kemikali iliyomo katika mvuke wa petroli, si petroli yenyewe), ingawa bado ni kidogo kwa viwango vya viwandani, walikuwa na alama chache katika sehemu za DNA ambazo kwa kawaida hunyamazishwa, na alama nyingi katika jeni ya p15, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Mpangilio wa namna hiyo, huku umepungua na kule umezidi, ndio pia unaoonekana katika aina moja ya saratani ya damu. Tahadhari: watu wale hawakuwa wagonjwa. Utafiti ule ulionyesha alama katika damu za watu wazima wa afya, haukuonyesha kwamba fulani ataugua.

Utafiti mwingine ninaoupenda, kwa sababu unaonyesha mwendo wa alama hizi, ulifanywa katika kiwanda cha chuma karibu na Brescia, huko huko Italia, ukachapishwa mwaka 2009. Wafanyakazi walitolewa damu siku ya kwanza ya wiki ya kazi, kisha tena baada ya siku tatu za kuvuta vumbi la tanuri. Katika jeni moja inayohusika na uvimbe wa ndani ya mwili, alama zilikuwa zimepungua ndani ya siku hizo chache tu. Alama nyingine hazikutikisika kwa siku tatu, bali zilifuata mzigo wa vumbi wa muda mrefu. Kwa hiyo zipo alama za juma na zipo alama za miaka.

Kuhusu mtoto: hapa ndipo redio huwatisha watu kupita kiasi. Habari za kemikali kupita vizazi zilipata nguvu mwaka 2005, pale panya wenye mimba walipopewa dawa ya kuua kuvu iitwayo vinklozolini, na madhara katika mbegu za kiume yakaonekana mpaka kizazi cha nne. Lakini dozi zile zilikuwa kubwa mno, na wanasayansi wengine waliorudia majaribio hawakupata matokeo yale yale wakati wote. Kwa binadamu, alama nyingi hufutwa mara mbili: kwanza baada ya yai kurutubishwa, na tena pale seli za uzazi za mtoto zinapoumbwa. Si zote, lakini nyingi. Hakuna aliyethibitisha kwamba baba mpakarangi humpitishia mtoto wake alama za thina. Kinachojulikana kwa uhakika mkubwa zaidi ni kile kinachomfikia mtoto kupitia mama, wakati wa mimba yenyewe. Watoto wa wanawake waliovuta sigara wakiwa wajawazito huzaliwa na alama zinazotambulika kwenye jeni iitwayo AHRR, na mvutaji mwenyewe akiacha, alama zake kwenye jeni hiyo huanza kurudi polepole kwa miaka.

Mbegu za mwanamume hutengenezwa kwa muda wa takriban siku sabini na nne. Za mimba hii zilikwisha kufanya kazi yake, nawe huwezi kuzirudisha. Kwa hiyo, swali la leo si nini ulichompa mtoto miezi sita iliyopita. Ni nini unachokibeba kwenda nyumbani jioni hii.

Pampu Namba Tatu

Mwalimu, ahsante. Mimi ni mhudumu wa kituo cha mafuta hapa Changamwe, na habari ya Milan imenigusa. Wateja wa pikipiki hutaka tangi lijae mpaka petroli ionekane mdomoni, nasi huinama kuchungulia ili isimwagike, pua ikiwa kama shibiri moja kutoka kwenye mvuke. Wenzangu wengine husema wanaipenda harufu ile. Siku ya lori la kushusha mafuta ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa tunapima kwa fimbo tukiwa tumesimama juu ya shimo. Tulidhani hatari ya petroli ilikuwa madini ya risasi yaliyotiwa ndani yake, nayo yalikwisha kuondolewa.

Mwalimu wa Baiolojia, Tudor

Risasi iliondolewa kweli. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Benzini ni jambo jingine. Imo ndani ya petroli kwa asili yake, na hupanda na mvuke. Acheni kujaza mpaka mdomoni, na simameni upande ambao upepo unatoka. Wakati wa kusi huko Changamwe hamtakosa upepo.

Mkaguzi Mstaafu

Nimekagua viwanda na yadi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa kutofautiana kidogo na Mwalimu, si katika elimu yake bali katika matumizi yake.

Kijana wetu wa Miritini akienda ofisini na hoja ya epijenetiki, atashindwa kabla hajaketi. Hakuna kipimo cha alama za methili ambacho mahakama au daktari atakisoma na kusema kwamba ugonjwa wa mtu huyu umetoka katika kontena lile. Tafiti hulinganisha kundi na kundi. Fidia hudaiwa na mtu mmoja. Na tena, wakili mjanja ataugeuza upanga huo huo: atasema alama hizo huenda zimetokana na sigara, na moshi wa jiko, na uzee. Neno jeni limekwisha kutumiwa dhidi yenu mara moja. Msilirudishe mezani ninyi wenyewe.

Nendeni na lililo kongwe na lisilobishaniwa. Kwamba benzini huharibu uboho si habari ya jana. Mwaka 1897 daktari wa Sweden, Santesson, alieleza habari za wasichana wa kiwanda cha matairi ya baiskeli ambao damu yao ilikoma kutengenezwa. Katika miaka ya 1970, Muzaffer Aksoy aliwaeleza mafundi viatu wa Istanbul waliopata saratani ya damu kwa sababu ya gundi yenye benzini. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wafanyakazi wa viatu wa Tianjin, China, ulioonyesha chembechembe nyeupe zikipungua hata kwa waliovuta benzini chini ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa, na sehemu moja ndicho kiwango ambacho sheria ya Marekani iliruhusu tangu 1987. Chembechembe nyeupe kupungua: si ndilo jambo lililompata mwenzenu? Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka benzini katika kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Na katika kundi hilo hilo imo kazi ya upakaji rangi yenyewe, kama kazi.

Lakini msidai benzini kabla hamjaijua thina yenu. Thina nyingi ni toluini, zailini na asetoni. Benzini huingia kama uchafu wa malighafi, nyingine inayo na nyingine haina. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na karatasi ya maelezo ya usalama ya kila kemikali ya hatari na awaonyeshe wanaoitumia. Ombeni karatasi hiyo kwa maandishi, na mbaki na nakala yenye tarehe. Mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pataka kamati ya usalama na afya. Kama haipo, hilo peke yake ni kosa. Uchunguzi wa kiafya wa wanaoshika kemikali za hatari ni kwa gharama ya mwajiri. Mwenzenu naye amwendee daktari amwandikie historia ya kazi yake: miaka mingapi, kemikali gani, ndani ya chumba cha namna gani. Madaktari wetu wengi huandika dalili na dawa, hawaandiki kazi ya mgonjwa, na faili lisilo na kazi ya mgonjwa halimsaidii chochote mbele ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini. Kisha apeleke taarifa kwa ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini hapa Mombasa.

Nimeona kesi zikifa kwa kukosa karatasi moja.

Mwalimu wa Baiolojia, Tudor

Mzee wangu, nakubali. Ningeongeza neno moja tu: epijenetiki haimthibitishii mtu ugonjwa wake, lakini inaivunja kauli kwamba jeni ni mambo ya ukoo na kazi ni mambo mengine.

Muuguzi wa Kliniki ya Wajawazito

Mwanangu wa Miritini, wanaume hawa wamezungumza mengi kuhusu damu na mahakama, na hakuna aliyekuuliza nani anafua ovaroli yako.

Nauliza kwa sababu nalijua jibu la nyumba nyingi. Ovaroli huja nyumbani Jumamosi ndani ya mfuko wa plastiki, mama huikung'uta uani, vumbi linaruka usoni mwake, kisha huiloweka katika karai lile lile litakaloogeshea mtoto. Umesema mnakwangua rangi kuukuu. Rangi za zamani za chuma, hasa praima nyekundu na rangi ya manjano, mara nyingi zilikuwa na risasi. Vumbi hilo halina harufu kama thina, kwa hiyo hakuna anayeliogopa.

Risasi ikiingia mwilini hukaa katika damu kwa wiki kadhaa, lakini iliyobaki hujificha mifupani kwa miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Mama akishika mimba, mwili wake huchota madini ya chokaa kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Mexico City walipima risasi katika mifupa ya akina mama na alama za DNA katika damu ya kitovu cha watoto wao, matokeo yakachapishwa mwaka 2009: mama mwenye risasi nyingi zaidi mfupani, mtoto wake alikuwa na alama chache zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na likiona maikrogramu 5 katika desilita moja ya damu hutaka chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kwenda Mexico kutafuta mfano. Owino Uhuru iko hapo Mikindani. Kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwaachia watu wa kijiji kile risasi katika damu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania haki yao mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wale hawakushinda kwa alama za methili. Walishinda kwa damu iliyopimwa na udongo uliopimwa.

Basi fanya hivi. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe huko. Kama haiwezekani, zilowekwe kwenye ndoo yake peke yake, zikiwa zimeloweshwa kabla ya kukung'utwa, na uzifue wewe, si yeye. Oga na ubadilishe viatu kabla ya kumshika mkeo. Mikono usiinawe kwa thina, kwa kuwa hupita kwenye ngozi. Paka mafuta ya kupikia kwenye rangi, sugua, kisha sabuni. Rangi kuukuu ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa maji. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo na haizuii mvuke hata kidogo. Mvuke unataka barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na vichujio hivyo hubadilishwa. Mkeo ale vyakula vya chokaa na madini ya chuma: dagaa wanaoliwa na mifupa, maziwa, mchicha, maharagwe. Mwili wenye njaa ya madini hayo hunyonya risasi zaidi. Na kliniki ijayo aseme waziwazi kwamba mumewe hukwangua rangi, aombe apimwe risasi.

Kipimo chako wewe ni hesabu kamili ya damu, na risasi katika damu. Maabara kubwa za hapa mjini hupokea sampuli hizo. Kipimo cha alama za jeni usikitafute. Ukikipata hakuna wa kukusomea.

Mpakarangi wa Miritini

Nawashukuru wote, na hasa wewe, mama, kwa swali la ovaroli, kwa kuwa ulivyolieleza karai lile ni kama ulikuwa umesimama uani kwetu. Ni karai la bluu, na tulikuwa tumekwisha kuliweka kando kwa ajili ya mtoto. Jana nimelipeleka yadini, na ndilo litakalokaa huko na ovaroli zangu.

Leo nimeligeuza debe la thina ili nisome nyuma. Nusu ya karatasi imeliwa na thina yenyewe, lakini toluini na zailini zinasomeka, na mstari wa tatu umefutika. Wenzangu kumi na wanane wametia sahihi barua ya kuomba karatasi ya maelezo ya usalama, na tumeiandika kama Mzee Mkaguzi alivyosema, tarehe juu na nakala mbili. Yule mwenzetu mgonjwa ametia sahihi ya kwanza. Msimamizi ameipokea bila neno, akaisoma mara mbili, kisha akauliza ni nani aliyetufundisha.

Damu yangu na ya mke wangu zimechukuliwa asubuhi. Tumeambiwa majibu ya risasi yatachukua siku kumi.